Ya Kale ni Dhahabu: Swali la Mzee wa Nyangoto

(Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni)



Juma lililopita nilialikwa kwenye mkutano katika hoteli moja kubwa hapa Dar es Salaam. Tulipokuwa tukimsubiri mgeni rasmi, ambaye kama ilivyo desturi ya wageni rasmi alichelewa, nikawa natazama mapambo yaliyotundikwa ukutani. Kulikuwa na ngao mbili, mikuki, kinyago cha mpingo, na katikati yao chombo cha muziki ambacho kilinishtua kama mtu aliyemkuta ndugu yake mahabusu. Lilikuwa litungu.

Nikamwuliza kijana wa mapokezi kile ni kitu gani. Akatabasamu kwa adabu, akajibu: "Hilo ni gitaa la Wamasai, mzee."

Sikumlaumu. Hajafundishwa. Lakini nilisogea karibu kulitazama, na hapo ndipo moyo uliponiuma zaidi. Litungu la Wakurya lina nyuzi nane. Hili lilikuwa na nne, na hizo nne zilikuwa zimegandishwa kwa gundi kwenye mti wa juu, ule ambao mpigaji huuzungusha mikazo yake ili kupata sauti. Ngozi haikuwa na tundu la kutolea mlio. Kwa kifupi, kilikuwa kitu chenye umbo la litungu ambacho hakijawahi kulia hata mara moja, wala hakitalia kamwe.

Ndugu msikilizaji, pengine utasema: hilo nalo ni jambo la kututangazia redioni? Watu wanahangaika na nauli, na karo, na bei ya mchele, wewe unatuletea habari za nyuzi nane na nyuzi nne. Naomba unisubiri kidogo. Habari hii ina shilingi ndani yake, ina dhahabu, na ina maisha ya vijana. Tena inanihusu mimi mwenyewe, na si kwa sifa.

Mimi ni mtu wa Tarime niliyezamia mjini. Kila ninapokwenda nyumbani nafika Nyangoto, kwa mjomba wangu. Ukitoka Tarime mjini unapita Nyamwaga, unaingia eneo la Nyamongo, na kabla hujafika mto Mara unaoigawa Tarime na Serengeti, umekwisha kuuona mgodi. Huna haja ya kuuliza njia. Vilima vya kifusi vinaonekana toka mbali, na havikuwako nilipokuwa mtoto.

Jirani ya mjomba wangu anakaa mzee mmoja fundi. Sitamtaja jina kwa sababu sikumwomba ruhusa. Huyu hutengeneza vigoda vya wazee, hutengeneza ngoma, na zaidi ya yote hutengeneza litungu. Kwa wale wasiolijua, niseme kwamba litungu ni ndugu wa nyatiti ya Wajaluo na obokano ya Wagusii. Ndugu zetu Waluhya nao wana lao lenye jina hilohilo, lenye nyuzi saba. La Wakurya ni kubwa, zito, na sauti yake ni ya chini. Ukilisikia usiku toka boma la pili unadhani ardhi yenyewe inanguruma. Mpigaji huketi kwenye kigoda, litungu likakaa chini mbele yake, naye hupiga huku anaimba habari za ng'ombe, za ndoa, za vita vya kale, na za majirani wenye tabia mbaya. Kabla ya magazeti, hilo ndilo lililokuwa gazeti letu.

Nilikaa kwa mzee huyo siku tatu mfululizo nikimtazama kazini. Siku ya kwanza ni shoka na tezo: gogo moja linachimbwa ndani mpaka libaki bakuli. Ukichimba kidogo, litungu linakuwa zito na halitoi sauti. Ukichimba mno, linapasuka ngozi inapokauka na kulivuta. Hakuna kipimo cha rula. Mzee anagonga kwa kidole cha kati, anasikiliza, anachonga tena kidogo, anagonga. Kisha ngozi ya ng'ombe, iliyolowekwa, huvutwa na kukazwa ikiwa mbichi, halafu huachwa ijikaushe taratibu kivulini, kwani jua la haraka huiharibu. Kisha miti miwili ya pembeni na mmoja wa juu. Mwisho nyuzi. Zamani zilikuwa za mishipa ya ng'ombe. Siku hizi ni nailoni, zile zile wanazotumia wavuvi wa Ziwa Victoria, na mzee haoni aibu kusema kwamba nailoni hudumu zaidi.

Lakini kutia nyuzi si kumaliza kazi. Jioni ya siku ya tatu alikaa zaidi ya saa nzima akizipatanisha zile nyuzi nane, moja kwa nyingine, akifumba macho. Nikamwuliza amejifunzaje. Akajibu: "Baba yangu alinipiga kibao kila nilipokosea. Baada ya miaka miwili akaacha kunipiga. Nikajua nimejua."

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Nilitaka kulinunua lile litungu. Mzee akataja shilingi 60,000. Mimi, mtu wa mjini, mwenye mshahara na viatu vya ngozi, nikaanza kubishana bei. Nikamwambia barabara ni mbaya, mzigo ni mkubwa, kondakta atanitoza. Nikamshusha mpaka 35,000. Akanyamaza, akachukua fedha, akazikunja. Njiani nilikuwa nimefurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Miezi michache baadaye, katika duka moja la vitu vya watalii hapa jijini, niliona litungu dogo, lile la mapambo lisilolia, likiwa na kibandiko cha shilingi 250,000. Wazungu wawili walikuwa wanalitazama, na hawakubishana bei.

Hapo nilijiuliza: katika safari ya kitu kile toka gogo mpaka kibandiko, ni nani aliyefanya kazi siku tatu, na ni nani aliyekula?

Nilipokwenda tena Nyangoto nilimsimulia mzee. Nilidhani atakasirika. Hakukasirika. Alisema: "Mwanangu, hao wa mapambo nawajua. Huja hapa na kuagiza madogo kumi kwa mpigo. Hawataki tundu, hawataki nyuzi nane, wanasema zinachelewesha. Namaliza moja kwa siku, nalipwa palepale. Lile linalolia hakuna anayelitaka. Wapigaji wenyewe wamekwisha." Kisha akaniuliza swali ambalo ndilo lililonileta mbele ya kipaza sauti juma hili. Akasema: "Nina wana watatu. Wote wanakwenda kwenye mawe. Sasa wewe uliyesoma niambie, hii tezo nimwachie nani?"

Kwenda kwenye mawe, ndugu msikilizaji, maana yake kule kwetu inajulikana. Wachimbaji wadogo walikuwako Nyamongo tangu kabla ya makampuni. Mgodi mkubwa, unaoitwa North Mara, ulianza uzalishaji mwaka 2002, na umepita katika mikono ya makampuni kadhaa. Tangu mwaka 2019 Serikali yetu ina hisa asilimia 16 kupitia kampuni ya Twiga. Mimi sikuja kuuhukumu mgodi leo. Umeleta ajira, umeleta kodi, umeleta pia malalamiko, na hayo yana mahali pake pa kusemewa. Ninachosema ni jambo la kawaida ambalo kila mama wa Nyamongo analijua: kijana anayetoka usiku kwenda kuokota mawe yenye dhahabu kwenye kifusi anaweza kurudi na fedha ya mwezi mzima kwa usiku mmoja. Na anaweza asirudi. Ukiweka hilo kwenye mizani dhidi ya siku tatu za tezo kwa shilingi 35,000, utamwambia nini kijana? Mila? Utamaduni? Atakucheka, na atakuwa na haki ya kucheka.

Wahenga walisema ya kale ni dhahabu. Lakini pale Nyangoto dhahabu yenyewe ipo, kwa hiyo msemo huo haumtishi mtu. Anauliza: ya kale inauzwa gramu kiasi gani?

Basi nikatafuta, katika dunia hii pana, kama kuna mahali pengine palipowahi kuwa na mgodi na mafundi, tuone wao walifanya nini. Nikapata habari za mji mmoja wa Mexico uitwao Taxco.

Taxco ni mji wa milimani, kusini ya mji mkuu wa nchi ile. Wahispania walianza kuchimba fedha pale katika miaka ya 1530. Katika karne ya 18 tajiri mmoja wa migodi, José de la Borda, alipata mali nyingi kiasi cha kujenga kanisa zima la Santa Prisca kwa gharama yake, nalo lingali limesimama mpaka leo. Lakini fedha iliyochimbwa ilikuwa inaondoka. Watu wa Taxco waliichimba, waliibeba, waliiona ikipita, basi. Mishipa ya fedha ilipopungua, mji ukalala usingizi.

Mwaka 1929 akaja kukaa pale Mmarekani mmoja, William Spratling, aliyekuwa mwalimu wa usanifu wa majengo katika chuo kikuu cha Tulane, New Orleans. Mwaka 1931 akafungua karakana ndogo. Hakuja na mashine za ajabu. Alimleta mfua dhahabu toka mji jirani wa Iguala, akawachukua vijana wa palepale wakae chini ya fundi wajifunze, na michoro akaitoa kwenye mapambo ya wenyeji wa kale wa Mexico. Barabara ya gari kutoka mji mkuu kwenda pwani ya Acapulco ilikuwa inapita Taxco, na wasafiri waliposimama kunywa maji walikuta bangili na mikufu. Vita Kuu ya Pili ilipozuia bidhaa za Ulaya, maduka ya Marekani yakaelekea Taxco.

Sikilizeni sasa jambo lenyewe. Spratling hakudumu na utajiri huo; kampuni yake ilianguka katikati ya miaka ya 1940. Laiti ufundi ungekuwa mali ya kampuni, ungeanguka nayo. Lakini vijana waliojifunza kwake walikuwa wamekwisha kufungua karakana zao wenyewe, akina Antonio Pineda na ndugu wa familia ya Castillo, na wao wakawafundisha wengine. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi mkubwa wa Taxco waligoma, mgodi ukasimama miaka mingi. Mji haukufa. Mafundi walinunua fedha kutoka kwingine wakaendelea kufua, na leo mtu akitaja Taxco hamaanishi shimo, anamaanisha pete. Shimo lilikuwa utajiri wa kwanza, nao ulikwisha. Mikono ya watu ilikuwa utajiri wa pili, nao ulibaki.

Nikiwaza Nyangoto nauliza: dhahabu imetoka pale kwa miaka zaidi ya ishirini. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Mimi nimezunguka Nyangoto nzima nikitafuta sonara wa kijiji anichongee pete ya dhahabu ya Nyamongo. Sikumpata. Waliniambia nikanunue Mwanza.

Lakini, ndugu msikilizaji, tusiipambe Mexico kupita kiasi. Hata kule kuna somo chungu. Katika jimbo la Oaxaca kuna kijiji cha wafinyanzi, San Bartolo Coyotepec. Tangu kale akina mama wa pale walifinyanga mitungi ya rangi ya kijivu, migumu, ya kubebea maji na pombe yao. Katika miaka ya 1950 mama mmoja aliyeitwa Doña Rosa akagundua kwamba ukiusugua mtungi kwa jiwe kabla haujakauka kabisa, kisha ukauchoma kwa moto mdogo zaidi, unatoka mweusi unaong'aa kama kioo. Watalii wakaupenda mno. Kijiji kizima kikapata riziki, na mpaka leo kinaishi kwa mitungi hiyo myeusi. Ila kuna neno moja: mtungi ule unaong'aa haushiki maji. Unavuja. Ni wa kutazamwa tu.

Nilipolisoma hilo nilikumbuka litungu la hotelini. Mtungi usioshika maji na litungu lisilolia ni ndugu.

Je, tuseme Doña Rosa alikosea? Mimi sisemi hivyo. Watoto wa kijiji kile wamekula na wamesoma kwa mtungi unaovuja. Anayewalaumu na awaletee yeye chakula. Lakini kuna tofauti moja ninayotaka tuishike. Mfinyanzi anayejua mtungi wa maji anaweza kutengeneza wa mapambo akipenda. Anayejua wa mapambo peke yake hawezi tena kurudi kwenye mtungi wa maji. Vivyo hivyo mzee wangu anaweza kutengeneza madogo kumi ya nyuzi nne, na akatengeneza pia moja kubwa linalolia. Kijana atakayejifunza kwake hayo madogo tu, hatajua kugonga kwa kidole cha kati na kusikiliza. Hapo ndipo ufundi unapokufa, huku biashara ikiendelea na kila mtu akidhani mambo ni mazuri.

Tusidhani pia kwamba mambo haya yanawezekana kwa wageni tu. Hapa kwetu tunaye Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyefanya kazi za vibarua hapa Dar es Salaam. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kuchora wanyama na ndege kwenye mbao nyembamba za dari, kwa rangi ya kupakia baiskeli, na kuziuza karibu na duka la Morogoro Stores kule Oysterbay. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafariki. Alikuwa amechora kwa miaka michache mno. Kama angeuficha ufundi wake, tungemsahau. Lakini alikuwa amewakalisha chini ndugu zake na vijana wachache, akawafundisha. Hao wakaendelea, wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wakaandikisha chama chao cha ushirika. Leo jina la mtu mmoja maskini toka Tunduru limekuwa jina la aina nzima ya uchoraji, linatamkwa mpaka Japani.

Upande wa Kenya tunao Wakamba. Inasimuliwa kwamba Mutisya Munge, mtu wa Wamunyu, alichukuliwa kwenye Vita Kuu ya Kwanza, akafika huku Tanganyika, akawaona wachongaji wa Kizaramo, akarudi kwao na ufundi. Kutokana na mtu huyo mmoja ukatoka uchongaji wa vijiji vizima, na ushirika wao mkubwa pale Changamwe, Mombasa. Wao wamepata tatizo jingine: miti. Muhugu walioutegemea ulikatwa mpaka ukaadimika, na wengi wakageukia mwarobaini, ambao hukua upesi. Nasi tusisahau kwamba mpingo wa Wamakonde huchukua miaka 70 na zaidi kukomaa, na kwamba unagombewa pia na viwanda vya Ulaya vya kutengeneza zumari. Fundi bila mti ni mkulima bila shamba. Vijiji vya Kilwa vililielewa hilo, na mwaka 2009 misitu yao ikapata cheti cha kimataifa cha uvunaji mzuri, wakaanza kuuza mpingo wao kwa bei yenye heshima.

Na jirani kabisa na sisi Wakurya, ukivuka mpaka wa Sirari ukapita Migori, utafika Tabaka katika nchi ya Wagusii. Wagusii ni damu yetu; lugha zetu zinasikilizana. Wao wana mawe, kama sisi. Jiwe lao ni laini, la sabuni, jeupe na la rangi ya waridi. Wanaume huchonga, wanawake husugua kwa msasa na maji mpaka ling'ae. Mtoto wa Tabaka, Elkana Ong'esa, amechonga sanamu ya ndege ambayo imesimama makao makuu ya UNESCO kule Paris. Simaanishi kwamba Tabaka ni peponi. Vumbi la jiwe lile si zuri kwa mapafu, na walanguzi wanawanyonya kama kwingineko. Lakini kijana wa Tabaka akiambiwa aende kwenye mawe, anakwenda mchana, na anarudi.

Sasa tufanye nini? Mimi si waziri, na mazungumzo ya redio hayajengi karakana. Lakini kuna mambo ambayo hayahitaji semina.

La kwanza linatuhusu sisi wanunuzi wa mjini. Tunapokwenda dukani kununua redio ya Kijapani tunalipa bei iliyoandikwa. Tukifika kwa mama mwenye ukili au mzee mwenye tezo, ndipo tunapokumbuka kubishana. Kubishana bei si dhambi, ni desturi yetu. Lakini iko bei ambayo ukimshusha mtu chini yake, umemwambia mwanawe aende kwenye kifusi. Na tuulize jina. Anayeuza kinyago, kikapu, mkeka au litungu lazima ajue kimetengenezwa na nani na wapi. Kama hajui, basi hata fedha yako haitafika huko.

La pili ni la wenye mahoteli na maofisi. Mnataka mapambo ya Kiafrika, vizuri. Nunueni litungu linalolia, kwa bei ya litungu linalolia. Andikeni kibao kidogo chini yake: litungu la Wakurya, limetengenezwa Nyangoto, Tarime. Kibao hicho hakifiki bei ya soda kumi, na kijana wa mapokezi hatatudanganya tena bila kukusudia.

La tatu ni la wakubwa. Mexico ilianza mapema: mwaka 1921, katika sherehe za miaka mia ya kukamilika kwa uhuru wake, iliandaa maonyesho ya kazi za mafundi wa vijijini, wakati ambapo watu wa mjini waliziona kuwa takataka za washamba. Mwaka 1974 ikaunda mfuko wa taifa wa kuwanunulia na kuwaendeleza. Mwaka 2019 Wizara yao ya Utamaduni iliiandikia barua nyumba ya mitindo ya Carolina Herrera kuihoji kuhusu nakshi za vijijini zilizoonekana kwenye nguo zake, na mwaka 2022 ikatoka sheria ya kulinda kazi hizo. Sisi nasi tunayo BASATA, tunayo SIDO tangu mwaka 1973, tunayo Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ambayo imezitaja kazi za jadi. Pale Arusha kuna kituo kinachofundisha ukataji wa vito. Mwanza kuna kiwanda cha kusafishia dhahabu kilichozinduliwa mwaka 2021. Vyombo vipo. Kinachokosekana ni fundi mmoja wa kufua dhahabu kukaa Nyangoto na vijana 10, kama alivyokaa yule fundi wa Iguala pale Taxco. Barabara ya kutoka Tarime kwenda Mugumu, ambako ni mlangoni mwa Serengeti, imekuwa ikijengwa kwa lami kwa awamu, nayo inapita Nyamongo. Watalii watapita. Watakuta nini cha kununua? Maji ya chupa?

Na halmashauri zinazopokea fedha za mgodi hujenga madarasa, nazo zinastahili shukrani. Lakini darasa moja katika hayo likiwa na tezo, na mzee mmoja akalipwa posho aingie mara mbili kwa juma, kuna kosa gani? Watasema hana cheti. Ni kweli, hana. Cheti chake ni kile kidole cha kati.

La nne, na la mwisho, ni la mzee mwenyewe na wenzake wote wenye ujuzi. Nalisema kwa heshima. Wako mafundi wanaoficha siri ya kazi, wasimwoneshe hata mtoto wa jirani, wakisubiri mwana wao wa kumzaa aitake. Huyo mwana amekwenda kwenye mawe. Tingatinga hakusubiri.

Nilimwambia mzee maneno hayo, ndugu msikilizaji, pamoja na woga wa kumsemesha mtu wa umri wa baba yangu. Alinitazama muda mrefu. Kisha akasema: "Yuko binti wa mwanangu wa pili. Ana miaka 12. Nikigonga gogo, yeye husema lile bado, chonga tena. Na huwa amesema kweli." Nikamwuliza kwa nini basi hamfundishi. Akajibu kwamba tangu mababu litungu ni la wanaume.

Sikumjibu. Mgeni hapangi mambo ya boma la mtu. Nilimlipa zile shilingi 25,000 nilizomshusha siku ile, naye alizipokea bila ya kusema kitu, akazikunja kama alivyozikunja zile za kwanza. Nikaaga.

Majuzi mjomba wangu amenipigia simu. Katikati ya habari za mvua na za mahindi akanambia kwamba siku hizi jirani yake anawapigia watu kelele jioni, kwani litungu linalia kwa kukosea-kosea, na mara unasikia mzee anafoka, mara kimya, mara linaanza tena.

Nikamwuliza ni nani anayepiga. Mjomba akasema hajui, maana hawezi kuchungulia ua wa mtu, ila sauti ya anayefokewa ni nyembamba.

Ndugu msikilizaji, kwa leo naishia hapo. Kwaheri, mpaka juma lijalo.